Injini ya IST imeshika: kabla hujaitoa, tafuta kilichoiua

Swali

Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2003, injini 1NZ, gia otomatiki. Mwezi uliopita natoka Dodoma kurudi Morogoro, nilipopita Gairo taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajikaza nifike Dumila. Kabla sijafika nikasikia injini inagonga, gari likaishiwa nguvu, likazima. Likavutwa hadi nyumbani. Sasa nikipiga stata inalia "tak" mara moja, basi. Fundi wa mtaani kasema injini imeshika, nitafute nyingine. Nina spana za kawaida, mdogo wangu amesoma ufundi magari VETA, na uani kuna mwembe mkubwa wa kufungia cheni bloku. Je, tunaweza kuitoa na kuweka nyingine wenyewe hapa nyumbani, wikiendi moja?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa safari hiyo. Kuitoa na kuweka nyingine nyumbani mnaweza. Wikiendi moja haitoshi, na mwembe tutauzungumza. Ila kuna jambo hukuliuliza, na kwa ajili yake ndiyo nimeamua kukuandikia kwa urefu: injini hiyo imeuawa na nini? Nimeona watu wanauza ng'ombe, wananunua injini, wanaifunga vizuri kabisa, na baada ya miezi mitatu wamerudi palepale. Kilichoua ya kwanza kilibaki ndani ya gari kikiisubiri ya pili.

Kwanza hakikisheni imeshika kweli, yaani haizunguki kabisa. Hiyo "tak" moja hutoka pia betri ikichoka, vichwa vya betri vikiota unga, stata ikinasa meno, au oltaneta au kompresa ya AC ikishika na mkanda ukaizuia injini nzima isizunguke. Wapo walionunua injini kumbe tatizo lilikuwa oltaneta. Toa waya hasi wa betri. Toa mkanda, kisha zungusha kwa mkono puli ya oltaneta, ya kompresa na ya pampu ya maji, moja moja. Toa koili na plagi zote nne. Inua gari mbele kulia, toa tairi na ile plastiki ya ndani ya madigadi, utaiona bolti kubwa katikati ya puli ya kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kwenye Toyota nyingi za namna hii inaingia soketi namba 19. Weka mpini mrefu uzungushe kwa mwelekeo wa saa, polepole, kwa uzito wa mwili. Nyundo iache pembeni.

Mikono yako itakupa jibu. Ikizunguka laini, injini haijashika, rudi kwenye stata na betri. Ikizunguka kidogo kisha ikagota palepale kila mara, kuna kitu kimevunjika ndani au konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, imepinda. Maji yakiruka kwenye tundu la plagi, injini imemeza maji, jambo linalowakuta wenzetu wa Dar es Salaam masika wanapolazimisha kupita bonde la Jangwani likiwa limefurika. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo pistoni ikiyakuta juu, kinachopinda ni konrodi. Na isipotikisika hata kidogo ukiwa umelalia mpini wa mita moja, acha hapo, imeshika.

Kwa msomaji mwingine ambaye gari lake limekaa uani miaka likashika kwa kutu: changanya ATF (mafuta ya gia otomatiki) na dizeli, mimina kwenye matundu ya plagi, iache siku kadhaa, kisha ijaribu kidogo mbele na kidogo nyuma. Mara nyingine inaachia. Lako, mdogo wangu, halikushika kwa kutu, usipoteze wiki kwa dawa hiyo.

Sasa mwaga oili. Tumia beseni jeupe na upime imetoka kiasi gani. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadili pamoja na filta. Ikitoka lita moja, nusu ya jibu unayo. Kisha fanya kitu ambacho mafundi wengi hawajisumbui nacho: kata kopo la filta kwa mkasi wa bati, toa ile karatasi yenye marinda, ikamue, uifungue rinda kwa rinda juani. Kwenye injini iliyokufa kwa kukosa oili karatasi hiyo inameremeta kama imenyunyiziwa unga wa fedha. Pitisha sumaku juu yake, hata ya spika mbovu. Vinavyorukia sumaku ni chuma, vimetoka kwenye kranki au cheni ya ndani ya injini. Vinavyobaki ni aluminiamu, vimetoka kwenye beringi na pistoni. Ukiona hivyo, huna haja ya kubishana na fundi wako, kasema kweli.

Nieleze kilichotokea pale Gairo, maana wengi wanadhani ile taa nyekundu inasema oili imepungua. Taa hiyo inapima presha. Kranki haigusi beringi zake, inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo unaletwa na presha ya pampu. Oili ikipungua hadi pampu ikaanza kuvuta hewa, presha inaanguka, utando unakatika, chuma kinasugua chuma. Beringi inapata joto, inalainika, inajipaka kwenye kranki, mara nyingine inaanza kuzunguka pamoja nayo ndani ya konrodi. Kule kugonga ulikosikia ni konrodi ikicheza juu ya beringi iliyokwisha. Taa ilipowaka, oili ilikuwa imepungua siku nyingi. Siku nyingine ikiwaka, zima injini palepale kando ya barabara, hata kama ni porini na giza linaingia.

Basi oili ilikwenda wapi? Lita tatu hazipotei bila kuacha alama. Gari likiwa juu ya stendi, ingia chini na tochi. Ukikuta umaji mweusi pale injini inapokutana na gia boksi, hiyo ni sili ya nyuma ya kranki. Ukiwa upande wa cheni, mfuniko wa cheni unavuja. Angalia pia swichi ndogo ya presha ya oili, ni kitu kidogo lakini kikivuja kinaweza kukausha injini safari moja. Chini kukiwa kukavu, tazama mdomo wa ekzosi: masizi mazito yenye unyevu wa mafuta yanakuambia oili ilikuwa inaungua kupitia ringi, kidogo kidogo, na hakuna aliyechomoa kijiti kuangalia. Hapo muuaji ni mazoea, na dawa yake ni kuchomoa kijiti kila unapojaza mafuta. Na ukikuta rejeta imejaa tope la kahawia au feni haiwaki, joto nalo lilishiriki.

Kuhusu joto nina neno moja. Ukifungua mahali pa themostati ukakuta patupu, usishangae. Gereji nyingi huku kwetu huitoa, wakisema nchi ya joto haihitaji. Si kweli. Themostati ya 1NZ hufunguka kati ya nyuzi joto 80 na 84 ili injini ifike joto lake na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ringi zinalika, na zikilika oili inaanza kuungua. Rudisha themostati mpya, haina bei ya kukutisha.

Jambo jingine linanitia wasiwasi: umesema gari lilivutwa, hukusema lilivutwaje. Gia otomatiki inalainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Matairi ya mbele yakiburuzwa barabarani injini imezima, gia boksi inazunguka bila kulainishwa. Kutoka Dumila hadi Morogoro si pua na mdomo. Chomoa kijiti cha ATF, tazama rangi na unuse. Nyekundu au kahawia hafifu isiyo na harufu, una bahati. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, usinunue injini peke yake, tafuta injini na gia boksi yake.

Tuje kwenye kununua. Kwa 1NZ, kuchonga kranki na kubadili beringi na konrodi kunawezekana, ila injini za mtumba kutoka Japani zimejaa, na mara nyingi hesabu inaangukia huko. Iwe Ilala, Gerezani au, kwa wenzetu wa Nairobi, Kirinyaga Road, nenda na soketi yako namba 19, soketi ya plagi na tochi. Izungushe mizunguko miwili kamili kwa mkono, na muuzaji anayekataa hilo muage kwa heshima. Toa plagi uzitazame zote nne pamoja: moja ikiwa na mafuta na nyingine kavu, silinda hiyo ina shida. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya chai ya maziwa chini yake ni maji yaliyochanganyika na oili, na tope jeusi ni injini iliyocheleweshewa oili miaka. Ikiwezekana kuifungia stata na betri pale dukani, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda: kiwango chake ni karibu psi 213, isishuke chini ya 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Mimi tofauti kati ya silinda inanitisha kuliko namba yenyewe. Silinda nne zenye 180 kila moja nazichukua, tatu zenye 210 na moja 160 naziacha.

Soma herufi zilizogongwa kwenye bloku. 1NZ-FE ndiyo yako. 1NZ-FXE ni ya magari ya haibridi kama Prius: kwa macho ni pacha, ndani kamshafti na mgandamizo wake ni tofauti, na utaipeleka nyumbani bure. Halafu 1NZ-FE zipo zenye throtoli (mlango wa hewa ya injini) ya waya wa kanyagio na zenye throtoli ya umeme. Piga picha ya injini yako, linganisha na ya dukani, pamoja na soketi za umeme na mabano ya mauntingi. Ikitofautiana manifoldi, utahamisha ya zamani, ndiyo maana injini yako iliyokufa haiuzwi chuma chakavu hadi ile nyingine imetembea. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, nitakuambia kwa nini.

Sasa mwembe. Najua injini nyingi za nchi hii zimetolewa chini ya miembe, na hata mimi nimewahi. Lakini tawi huwezi kulipima. Kwa nje ni bichi na lina majani, kwa ndani mchwa wamekula, na halitoi taarifa kabla ya kukatika. Injini hii na gia boksi yake pamoja zinazidi kilo 150, na mdogo wako atakuwa ameinama palepale. Kodisheni kreni ya injini gereji kwa siku mbili. Mkikosa, chomelesheni miguu mitatu ya bomba nene la chuma, miguu ifungwe kwa cheni chini isitanuke, na cheni bloku ya tani moja. Kama ua wenu ni wa mchanga, tandikeni mbao nene au vipande vya plaiwudi, maana magurudumu ya kreni yakizama upande mmoja mzigo unayumba. Na gari likae juu ya stendi za chuma. Tofali la saruji linapasuka ghafla likibeba ncha moja ya chuma. Naomba sana hapa: asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde ya kuokota spana. Watoto na kuku watoke uani, na jiko la mkaa lihamie mbali, kwa sababu mtafungua mpira wa petroli.

Petroli yenyewe ina mtego kwa injini iliyoshika. Kwa kawaida tunatoa fyuzi ya pampu na kupiga stata ili presha iishe. Yako haizunguki, presha haitaisha kwa njia hiyo. Acha gari lilale usiku mzima betri ikiwa imetolewa, funika kiungio kwa kitambaa kinene, kifungue taratibu huku kitambaa kinakunywa kinachotoka, na usiweke uso wako juu yake.

Kabla ya kufungua chochote, simu. Piga picha kila soketi, kila mpira, kila waya, kutoka mbali kisha kwa karibu. Bolti za kila sehemu ziingie kwenye kikopo chake chenye karatasi: "stata", "mauntingi ya kulia", "kompresa". Siku ya nne hamtakumbuka chochote, nawahakikishia. Chora kwa kalamu kuzunguka bawaba za bonneti kabla ya kulitoa, litarudi mahali pake bila kubishana. Mwageni maji ya rejeta na ATF, toeni rejeta na feni zake, sanduku la filta ya hewa, betri na trei yake. Kompresa ya AC msifungue mipira yake: ifungueni kutoka kwenye injini tu, muifunge pembeni kwa waya ikiwa na gesi yake. Soketi za umeme za gari la miaka ishirini na zaidi zina plastiki iliyokauka. Bonyeza kwa kidole gumba, sukuma ndani kidogo kwanza, ndipo uvute. Bisibisi inavunja ulimi, na soketi isiyo na ulimi itakusumbua kila barabara ya vumbi. Kisha draivu shafti zote mbili, bomba la ekzosi, waya wa gia, na mwisho waya wa athi kutoka injini kwenda bodi.

Nafika kwenye sehemu ambayo injini iliyoshika inatofautiana na nyingine zote, na hapa ndipo wengi wanaofanyia nyumbani wanakwama. Kwenye otomatiki, kati ya injini na gia boksi kuna konveta, dude la mviringo kama sufuria mbili zilizofunikana, limejaa ATF. Limefungwa kwa bolti sita kwenye flaiwili, ambayo kwa otomatiki ni sahani nyembamba yenye meno pembeni. Injini ikiwa nzima, unazifungua kupitia kidirisha kidogo: bolti moja, unazungusha kranki, inakuja nyingine. Yako haizunguki. Utaona moja, labda mbili, na zilizobaki hutazifikia hata ufanyeje.

Kwa hiyo toeni injini na gia boksi pamoja, kwa juu, sehemu ya gia boksi ikiinamishwa kidogo ili ipite. Mmoja anashika mnyororo wa cheni bloku, mwingine anaongoza kwa mkono na kuangalia waya uliosahaulika. Upo daima mmoja. Ikigoma kupanda, usiongeze nguvu, tafuta kilichoishika. Ishusheni chini juu ya mbao, mfungue bolti zinazounganisha injini na gia boksi, kisha mvute gia boksi sawasawa kurudi nyuma, konveta ikibaki kwenye injini. ATF itamwagika, beseni liwe tayari. Sasa zile bolti sita mnazifikia zote kwa spana ya pete kupitia upenyo wa nyuma ya flaiwili, moja moja. Sili ya mbele ya gia boksi, pale shingo ya konveta ilipochomolewa, wekeni mpya bila kujiuliza.

Kurudisha konveta ndiko kunakotaka utulivu. Iingizeni kwenye gia boksi kwanza, si kwenye injini. Isukume huku unaizungusha. Utasikia "tok", imekamata shafti ya kwanza. Endelea kuzungusha, "tok" nyingine, imezama zaidi. Wengi wanaishia hapo wakidhani imefika. Bado. Zungusha tena kwa mikono miwili, ukiinua uzito wake kidogo, hadi izame mara ya mwisho na meno ya shingo yashikane na pampu. Weka rula ya chuma ikatize mdomo wa gia boksi, upime kutoka kwenye rula hadi kwenye vishikizo vya bolti vya konveta: lazima vizame ndani ya mdomo. Nikiwa kijana, kwenye gereji niliyojifunzia, tulikuwa na haraka ya kumpa mteja gari lake jioni. Injini na gia boksi ziliacha upenyo wa kidole, nasi tukazivuta pamoja kwa kukaza bolti. Tulisikia mlio mdogo tu, kama kuvunja mfupa wa kuku. Tulikuwa tumepasua pampu ya gia boksi. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: injini na gia boksi zikutane kwa mkono, uso kwa uso, na konveta izunguke kwa kidole kabla hata bolti moja haijakazwa.

Injini mpya ikiwa bado chini, badilisheni vile ambavyo baadaye vitadai kuitoa tena: sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji, themostati, gasketi ya mfuniko wa juu, plagi, mkanda, na swichi ya presha ya oili kama ina dalili ya unyevu. Tazameni mauntingi, raba ikipasuka injini mpya itatikisika kama trekta. Rejeta ioshwe nje na ndani, au mnunue nyingine. Kumbuka ATF nayo inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Hapo ndipo mnapomtoa muuaji ndani ya gari, na mkiruka hatua hii kazi yote iliyotangulia ni bure. Bolti za flaiwili na za konveta zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha ufundi cha gari lako. Kukaza kwa kuhisi mkono hapa hakufai.

Kurudisha ni njia ileile kinyumenyume, na picha zenu zitawaongoza, kwa hiyo sitarefusha. Onyo moja tu: waya wa athi. Ukisahauliwa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na mara nyingi hupita kwenye waya wa gia au wa kanyagio la mafuta. Nimeona waya kama huo ukitoa moshi mara ya kwanza stata ilipopigwa, na mwenye gari akidhani injini mpya inaungua.

Kuwasha mara ya kwanza, msiwashe kwa pupa. Oili mpya lita 3.7, filta mpya, rejeta ijae. Toeni plagi, toeni fyuzi ya pampu ya petroli, chomoeni soketi za koili. Pigeni stata sekunde kumi, pumzisheni, rudieni, hadi taa nyekundu izime. Kwa kuwa plagi hazipo injini inazunguka kwa wepesi, na oili inafika kila beringi kabla haijabeba mzigo. Ndipo mrudishe plagi na petroli, muwashe. Taa izime ndani ya sekunde chache, isipozima zimeni. Mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto, ongezeni kulenti hadi mapovu yaishe, fungeni, msubiri feni iwake na izime yenyewe mara mbili. Halafu ATF: tazameni kwanza kijiti kimeandikwa aina gani, kwa IST za miaka hiyo mara nyingi ni T-IV, mjaze kidogo kidogo injini ikiwaka, mkipitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki. Zungukeni mtaani, rudini, ingieni chini na tochi. Baada ya kilomita 500 mwageni oili hiyo, mkate filta, mtazame marinda yake juani kama mlivyofanya ya kwanza. Safari hii mnataka kuona karatasi tupu.

Mwisho, kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa pale, na uliyofunga ina namba nyingine. Peleka risiti na kadi TRA wabadilishe kumbukumbu. Msomaji wa Kenya ataanzia NTSA. Askari akifungua bonneti siku moja, au ukipata mnunuzi makini, namba zisizolingana zitakufanya uonekane mwizi wa kitu ulichokilipia kwa jasho.

Kuhusu muda, jipangieni siku sita: ya kwanza ni ya kupima na kukata filta, kabla hamjatoa hata shilingi kununua injini. Ukiifungua karatasi ile, nipigie picha uniandikie imetoka oili kiasi gani na ATF inanukaje, nikuambie kama ununue injini peke yake au pamoja na gia boksi.